Pumu si kadi nyekundu: jinsi ya kumlinda mwanamichezo chipukizi

Kila msimu wa michezo ya shule unapowadia, viwanja vya Magongo, Chaani, Port Reitz na vitongoji jirani hujaa vijana wanaowania nafasi ya kuwakilisha shule zao, kisha kaunti ndogo ya Changamwe, kisha Mombasa na Pwani nzima. Wapo wakimbiaji, wachezaji wa kandanda, netiboli, voliboli, mpira wa mikono na mpira wa magongo. Katika vikosi hivyo wamo vijana wanaoishi na pumu. Kuna ambao mwalimu wa michezo anawajua. Kuna wanaoificha kwa kuogopa kuachwa nje ya timu. Na kuna wasiojua kabisa kwamba wana pumu. Wanachojua ni kwamba kila wakimaliza mbio kifua hubana, usiku hukohoa, na wenzao huwacheka kwamba hawana pumzi.

Mzazi anayegundua kwamba mwanawe ana pumu mara nyingi hufikiria jambo la kwanza: amtoe mtoto michezoni. Ni hofu ya mapenzi, lakini si uamuzi sahihi. Wataalamu wa afya duniani wanakubaliana kwamba mtoto ambaye pumu yake imedhibitiwa anaweza kushiriki karibu kila mchezo, na mazoezi yenyewe humjenga moyo na mapafu. Kinachohatarisha maisha ni pumu isiyotibiwa, au dawa iliyofungiwa ofisini wakati mchezaji anahitaji kupumua uwanjani.

Kwa nini pumu huamka mtu akikimbia

Pumu ni ugonjwa wa mirija ya hewa ndani ya mapafu. Kwa mtu mwenye pumu, kuta za mirija hiyo huwa na uvimbe wa muda mrefu, hata siku ambazo hajisikii mgonjwa. Inapochokozwa, misuli inayoizunguka hukaza, uvimbe huongezeka na ute hujaa ndani. Njia ya hewa inakuwa nyembamba. Hapo ndipo kifua hubana na mlio kama wa filimbi husikika mtu anapotoa pumzi.

Mazoezi makali ni mojawapo ya vichokozi hivyo. Mtu mzima aliyetulia huvuta takriban lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu, kiasi hicho huongezeka zaidi ya mara kumi, na kwa kuwa anapumua kwa mdomo, hewa hiyo haipiti puani ambako ingechujwa, ikapashwa moto na kupewa unyevu. Mirija hukauka na kupoa, kisha hukaza. Mara nyingi dalili huwa kali zaidi dakika 5 hadi 20 baada ya mchezaji kusimama, si wakati anapokimbia.

Kuchelewa huko ndiko huwapotosha makocha wengi. Kijana anamaliza mzunguko wa mwisho vizuri, anaketi, kisha anaanza kukohoa na kuhema kuliko wenzake. Anaonekana kama asiyefanya mazoezi ya kutosha, anaongezewa mizunguko, na hali inazidi.

Dalili za kuangalia ni kikohozi kinachorudi kila baada ya mazoezi, kifua kubana, mlio wa filimbi, kuchoka haraka kuliko ilivyo kawaida yake, na kikohozi cha usiku au alfajiri. Mtoto anayeanza kukwepa michezo aliyokuwa akiipenda pia anafaa kuulizwa kwa upole kinachomsumbua.

Tatizo hili si geni nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 katika jarida la kitabibu la Thorax uliwapima watoto wa shule za msingi jijini Nairobi na wenzao wa mashambani Murang'a kabla na baada ya kukimbia. Mjini, takriban asilimia 23 ya watoto mirija yao ilibana baada ya mbio. Mashambani ilikuwa takriban asilimia 13. Watafiti waliihusisha tofauti hiyo na mazingira ya mjini. Si kila mtoto wa namna hiyo ana pumu, lakini takwimu hizo zinaonyesha kwa nini mwalimu hafai kumpuuza anayekohoa pembeni ya uwanja.

Hewa tunayoivuta Magongo

Magongo iko kwenye njia ya mizigo. Malori ya kwenda na kutoka bandarini hupita na kupanga foleni karibu na nyumba, shule na viwanja. Moshi wa dizeli, vumbi la barabara na moshi wa takataka zinazochomwa vichochoroni huingia mapafuni mwa kila mkaazi, lakini humwingia zaidi anayekimbia, kwa sababu anavuta hewa nyingi zaidi.

Nyumbani kuna vichokozi vingine: moshi wa makaa na mafuta taa, dawa za mbu za kuchoma, sigara, na hata udi na ubani ambao ni fahari ya nyumba nyingi za Pwani. Unyevu wa kusi na mvua za masika huleta kuvu ukutani, na magodoro ya zamani huhifadhi vijidudu vya vumbi. Si lazima familia iache desturi zake. Kufungua madirisha, kufukiza udi mtoto akiwa nje, na kuanika magodoro na mito juani ni hatua ndogo zenye manufaa.

Suala la hewa chafu limewahi kumgusa mmoja wa wanariadha wakubwa zaidi Afrika Mashariki. Haile Gebrselassie wa Ethiopia, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000 mwaka 1996 na 2000, ana pumu. Kabla ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 alitangaza kwamba hangekimbia marathoni huko kwa kuhofia hewa ya jiji hilo. Alishiriki mita 10,000 na kumaliza wa sita. Wiki chache baadaye, tarehe 28 Septemba 2008, alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59, rekodi mpya ya dunia. Aliufahamu ugonjwa wake, akachagua mahali pa kukimbilia, na pumu haikumzuia.

Paula Radcliffe wa Uingereza naye aligunduliwa kuwa na pumu akiwa na umri wa miaka 14. Rekodi yake ya marathoni ya wanawake, saa 2:15:25, aliyoiweka London mwaka 2003, ilidumu kwa miaka 16 hadi Mkenya Brigid Kosgei alipoivunja Chicago mwaka 2019.

Kocha wa Magongo hawezi kuhamisha barabara, lakini anaweza kuhamisha mazoezi. Inafaa kufanya mazoezi saa ambazo malori ni machache, kukimbia ndani ya uwanja badala ya kandokando ya barabara kuu, kumwagia maji sehemu zenye vumbi jingi, na kuahirisha mazoezi makali siku ambayo takataka zinachomwa karibu.

Dawa mbili, kazi mbili

Matibabu ya pumu hutegemea zaidi inhela, kifaa kidogo kinachopeleka dawa moja kwa moja mapafuni. Zipo za aina mbili kuu, na kuzichanganya ni kosa linalogharimu maisha.

Ya kwanza ni inhela ya kutuliza, yenye dawa ya salbutamol, ambayo kwa kawaida ni ya rangi ya bluu. Hufungua mirija ndani ya dakika chache, lakini haiondoi uvimbe. Ya pili ni inhela ya kinga, yenye dawa kama beclomethasone au budesonide. Hupunguza uvimbe polepole na hutumiwa kila siku kama daktari alivyoagiza, hata mgonjwa akijisikia mzima. Baada ya kuitumia, mtoto asukutue mdomo kwa maji.

Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa GINA umeshauri kwamba mtu mwenye pumu mwenye umri wa miaka 12 na zaidi asitibiwe kwa salbutamol peke yake, bali apate pia dawa ya kutuliza uvimbe. Mchezaji anayehitaji inhela ya bluu karibu kila siku anatoa ishara kwamba pumu yake haijadhibitiwa. Huyo arudi kwa daktari kabla ya kurudi mashindanoni.

Wapo wanaoamini kwamba mtoto akianza inhela hataweza kuiacha. Hiyo si kweli. Inhela haileti uraibu. Dozi yake ni ndogo kuliko ya tembe au dawa ya maji, kwa sababu inakwenda mahali penye tatizo badala ya kuzunguka mwili mzima.

Chupa ya nusu lita inayoweza kuokoa maisha

Watoto wengi hubonyeza inhela na dawa ikaishia ulimini. Ndiyo maana hutumiwa spesa, chombo cha plastiki kinachoshikilia dawa kwa muda ili mtoto aivute taratibu. Pale ambapo spesa haipatikani au ni ghali, chupa ya plastiki ya mililita 500 inaweza kufanya kazi hiyo. Utafiti uliofanywa jijini Cape Town, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa iliyozibwa vizuri iliwasaidia watoto wenye pumu kali sawa na spesa ya dukani.

Chupa huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa. Kisha hutobolewa kitakoni tundu linaloenea mdomo wa inhela barabara, na pembeni huzibwa kwa gundi au utepe ili dawa isivuje. Mtoto huweka midomo kwenye shingo ya chupa. Inhela hutikiswa, hubonyezwa mara moja, naye huvuta na kutoa pumzi taratibu kwa mdomo mara nne au tano. Mpulizo wa pili huja baada ya kuitikisa tena. Ni vyema mhudumu wa zahanati aone jinsi familia inavyofanya na kuirekebisha.

Kabla ya kipenga

Kazi kubwa ya kumlinda mchezaji hufanyika kabla mechi haijaanza.

Mchezaji apashe mwili moto kwa dakika 10 hadi 15, akianza polepole na kuingiza mbio fupifupi za kasi. Kwa wengi, hatua hiyo hupunguza makali ya kubana kwa mirija katika saa moja au mbili zinazofuata. Baada ya mchezo apoze mwili taratibu badala ya kusimama ghafla.

Baadhi ya wachezaji huagizwa na daktari kuvuta mipulizo miwili ya inhela ya bluu dakika 10 hadi 15 kabla ya kuanza. Agizo hilo liandikwe na kocha awe na nakala yake.

Inhela iwe pembeni ya uwanja, ndani ya mfuko unaojulikana. Isiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa, kwa sababu kopo lake lina shinikizo na joto kali huliharibu. Mtu mmoja apewe jukumu la kuhakikisha ina dawa na haijapitwa na muda. Inhela nyingi za salbutamol zina mipulizo 200. Kifaa kinaweza kutoa hewa hata baada ya dawa kwisha.

Mtoto aliyeamka na mafua, kikohozi au mlio kifuani asicheze siku hiyo. Kumpumzisha mechi moja ni afadhali kuliko kumkosa msimu mzima.

Timu inaposafiri bara

Joto na unyevu wa Pwani vina faida yake: hewa yenye unyevu haikaushi sana mirija ya mkimbiaji. Mambo hubadilika timu inapofuzu kwa mashindano ya nyanda za juu. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri yake ni baridi na kavu. Kijana ambaye hakuwahi kupata shida Changamwe anaweza kubanwa kifua katika mazoezi ya kwanza huko.

Kabla ya safari, mchezaji mwenye pumu amwone daktari na abebe dawa za kutosha siku zote za mashindano pamoja na akiba. Dawa zisafiri naye ndani ya basi, zisiwekwe kwenye mizigo ya juu. Akifika, apewe muda mrefu zaidi wa kupasha mwili, na afunike pua na mdomo kwa skafu nyepesi asubuhi za baridi. Mwalimu aulize mapema kituo cha afya kilicho karibu na uwanja na malazi.

Akizidiwa uwanjani

Kocha, refa na wachezaji wenzake wanapaswa kujua hatua hizi kwa moyo:

1. Simamisha mchezo kwake mara moja. Mkalishe wima, ainame mbele kidogo. Usimlaze. Watu wasimzonge.

2. Mpe inhela ya bluu kwa spesa au chupa: mipulizo minne, mmoja mmoja, akivuta pumzi nne kwa kila mpulizo.

3. Subiri dakika nne. Kama hakuna nafuu, rudia mipulizo minne.

4. Akiwa bado hajapata nafuu, mpeleke hospitali huku mkiendelea kumpa dawa kwa utaratibu huo njiani. Nambari za dharura ni 999 na 112, na ile ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Kwa wakaazi wa Magongo, Hospitali ya Port Reitz iko karibu.

Usisubiri dakika hizo kabla ya kuita msaada iwapo mchezaji hawezi kumaliza sentensi, midomo inageuka rangi ya kijivu au samawati, ngozi ya katikati ya mbavu inadidimia anapovuta pumzi, au anaanza kusinzia. Mlio wa filimbi ukinyamaza ghafla ilhali bado anahangaika kupumua, hiyo si nafuu. Ni ishara kwamba hewa haipiti kabisa.

Mchezaji akiwa hana dawa yake, inhela ya bluu ya mwenzake inaweza kutumiwa kwa dharura. Na hata akipata nafuu kamili, asirudi uwanjani siku hiyo.

Dawa ya pumu na vipimo vya michezo

Kijana anayeota kuvaa jezi ya taifa anahitaji kujua jambo moja mapema. Salbutamol ya kuvuta kwa inhela inaruhusiwa na Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, WADA, mradi isizidi mikrogramu 1,600 kwa saa 24 na mikrogramu 600 katika saa zozote 8. Kwa inhela ya kawaida yenye mikrogramu 100 kwa mpulizo, hiyo ni mipulizo 16 kwa siku na 6 kwa kila saa 8. Inhela za kinga zenye beclomethasone au budesonide pia zinaruhusiwa katika dozi za kawaida.

Lakini salbutamol ya tembe au ya maji imepigwa marufuku wakati wote, ndani na nje ya mashindano. Baadhi ya dawa za kikohozi zinazouzwa madukani zina salbutamol au terbutaline ndani yake. Mwanariadha anayenunua chupa ya dawa ya kifua bila kusoma maandishi anaweza kujikuta matatani bila kukusudia. Nchini Kenya jukumu hili liko chini ya ADAK, shirika linaloendeshwa kwa mujibu wa Sheria ya Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli ya mwaka 2016, na mchezaji mwenye sababu ya kitabibu anaweza kuomba idhini maalumu. Katika dharura, hata hivyo, uhai hutangulia. Mpe dawa inayohitajika, na barua ya daktari itafuata.

Kila mmoja na wajibu wake

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti vituo vya afya, huduma za ambulensi na udhibiti wa uchafuzi wa hewa. Mkaazi anayeona takataka zikichomwa karibu na shule au uwanja ana haki ya kuripoti kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lake.

Mzazi ampeleke mtoto mwenye dalili zahanati, ahakikishe familia imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na amjulishe mwalimu kwa maandishi: jina la dawa, dozi yake na nambari ya simu ya nyumbani.

Shule iwe na orodha ya wanafunzi wenye pumu, inhela ya bluu na spesa katika sanduku la huduma ya kwanza, na iwaruhusu watoto kubeba dawa zao badala ya kuzikusanya na kuzifungia kabatini.

Kocha aulize mwanzo wa msimu, mbele ya timu nzima na bila kumwaibisha yeyote, nani anatumia dawa ya kifua. Kisha aseme wazi kwamba anayejibu hatapoteza nafasi yake. Mchezaji akisikia hivyo, inhela itatoka mafichoni na kuwekwa pembeni ya uwanja, mahali ambapo itamfikia kwa wakati.

Wahudumu wa afya ya jamii na zahanati za kaunti wanaweza kuwaelekeza wazazi, walimu na wachezaji kuhusu matumizi sahihi ya inhela. Anayetaka kujifunza kutengeneza spesa ya chupa afike kituo cha afya kilicho karibu naye akiwa na inhela ya mtoto na chupa safi ya nusu lita.